Ng'apa inaleta #REF!, Mchinga imeshuka hadi kilo 62: je, ni virusi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani, nakusanya hesabu za ufuta hapa Lindi. Nina faili moja la Excel lenye shiti 14 za vituo vya kupimia, kila kituo na shiti yake: Mchinga, Kitomanga, Mnazi Mmoja, Ng'apa, Mingoyo, mpaka Rutamba. Kwenye kila shiti jumla ya kilo iko seli F40. Shiti ya 15, ya mwisho kabisa, inaitwa MUHTASARI. Humo kolamu A nimeorodhesha majina ya vituo kuanzia A2, na nataka kolamu B ilete kilo za kila kituo yenyewe, nisiwe nanakili kwa mkono kila jioni. Kwanza niliandika =A2!F40, ikagoma. Kijana mmoja wa steshenari akanipa =INDIRECT(A2&"!F40"). Mchinga na Kitomanga zikaja, Mnazi Mmoja na Ng'apa zikaleta #REF!. Nikasoma mahali kwamba niongeze alama za ' mbele na nyuma ya jina, nikaongeza. Mnazi Mmoja ikakubali, Ng'apa imekataa katakata, nikaiandika kwa mkono. Halafu wiki iliyopita wakulima wa Mchinga waliongezeka, nikaingiza mistari mitatu katikati ya orodha. Kesho yake muhtasari unasema Mchinga ina kilo 62, wakati jana yake zilikuwa zaidi ya elfu nne. Mkubwa wangu ameshaiona. Yeye anasema kompyuta ina virusi, kijana anasema Excel yangu ni ya zamani, na mimi naogopa nitaambiwa nimekula kilo za watu. Tatizo ni nini?"

Marahaba, na pole. Nianze na hilo la mwisho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Kilo za Mchinga hazijaenda popote. Fungua shiti ya Mchinga, teremka mpaka F43. Jumla yako imekaa pale, na kwa kuwa mistari uliiingiza katikati ya orodha, SUM imejitanua yenyewe na kuwameza wakulima wapya. Hizo 62 ni kilo za mkulima mmoja tu, mmoja wa waliokuwa chini ya pale ulipoingiza mistari. Alikuwa mstari wa 37, sasa amesukumwa hadi wa 40, na muhtasari wako unamsoma yeye ukidhani ndiyo jumla. Mwite mkubwa wako umwonyeshe seli hizo mbili, F40 na F43, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Akishaziona kwa macho yake, habari ya kula kilo za watu itakuwa imekwisha.

Virusi havihusiki. Toleo la Excel nalo halihusiki. INDIRECT ni fomula ya siku nyingi, na ingekutendea hivyo hivyo kwenye kompyuta iliyotoka dukani leo. Kijana wa steshenari hakukudanganya, ila alikupa nusu ya dawa. Una matatizo mawili yenye asili moja, na ukiielewa hiyo asili hutahitaji kuniuliza tena, ingawa unakaribishwa.

Tuanze na kwa nini =A2!F40 ilikataa. Wewe ulimaanisha: angalia kilichoandikwa kwenye A2, kisha nenda kwenye shiti yenye jina hilo. Lakini kwa Excel, kilicho kabla ya alama ya mshangao ni jina la shiti lenyewe, si mahali pa kulitafutia jina. Ilikuwa inatafuta shiti inayoitwa "A2", na wewe huna shiti ya jina hilo. Ndipo INDIRECT inapoingia. Kazi yake ni moja tu: inapokea maandishi na kuyageuza kuwa anwani. Unaunganisha vipande kwa alama ya &, vinakuwa maneno "Mchinga!F40", na INDIRECT inasema: haya, kumbe haya ni mahali, ngoja niende.

Sasa tofauti iko hapa. Ukiandika =Mchinga!F40 kwa mkono, bila INDIRECT, Excel haishiki maneno hayo. Inaishika seli yenyewe. Ni kama bodaboda anayemfahamu bibi yako kwa sura. Bibi akihama nyumba, bodaboda anamfuata huko huko na mzigo unafika. Ndiyo maana ukiingiza mistari, fomula ya kawaida inajibadilisha yenyewe kuwa =Mchinga!F43, na hata ukibadilisha jina la shiti, inafuata. INDIRECT ni bodaboda mwingine. Yeye umempa karatasi imeandikwa "nyumba ya tatu kutoka msikitini". Watu wakijenga vibanda viwili katikati, yeye bado atahesabu tatu, atagonga mlango wa jirani, atakabidhi mzigo na kuondoka akiwa na amani moyoni. Hakukosea. Alifuata karatasi.

"F40" ndani ya alama za usemi ni ile karatasi. Excel haiwezi kuisahihisha kwa sababu kwake hayo ni maandishi tu, sawa na neno "habari". Na ubaya zaidi ni kwamba haikupi onyo lolote. Ng'apa angalau ilipiga kelele kwa #REF!; Mchinga ilikuletea namba nzuri tu, 62, ambayo ingekuwa 350 pengine hakuna ambaye angeshtuka. Katika miaka yangu ya kufundisha makarani nimejifunza kuogopa fomula inayojibu vibaya kwa upole kuliko ile inayogoma.

Tuje kwenye Ng'apa, maana hapa ndipo penye utamu, na sidhani kama mtu aliyeandika yale maelezo uliyoyasoma aliwahi kufikiria jina la namna hiyo.

Excel ina kanuni yake kuhusu majina ya shiti. Jina jepesi la neno moja, kama Mchinga, linakwenda bila kitu. Jina lenye nafasi katikati, au linaloanza na tarakimu, au lenye kistari, lazima lifungwe kwa ritifaa, yaani ile alama ya ', mbele na nyuma: 'Mnazi Mmoja'!F40. Bila hizo ritifaa Excel inaishia kwenye "Mnazi" na kuchanganyikiwa. Ndiyo maana ulipoziongeza, Mnazi Mmoja ikakubali. Mpaka hapo uko sawa kabisa, na fomula yako ya pili,

=INDIRECT("'"&A2&"'!F40")

ndiyo ningekushauri mimi hata kwa majina mepesi, kwa sababu ritifaa hazidhuru jina lisilozihitaji.

Sasa angalia kinachotokea ikifika Ng'apa. Maandishi yanayoundwa ni 'Ng'apa'!F40. Hesabu ritifaa: ziko tatu. Excel inaona ya kwanza, inasema jina limeanza. Inasoma N, g, kisha inakutana na ritifaa ya pili, ile ya ng' yetu ya kila siku, ya ng'ombe na ng'ambo, na inasema jina limeisha: shiti inaitwa "Ng". Halafu inabaki na "apa'!F40" mkononi, haijui ifanye nini nayo. #REF!.

Dawa yake ipo, na ni ya ajabu kidogo: ritifaa iliyo ndani ya jina huandikwa mara mbili. Excel ikikuta ritifaa mbili zimefuatana, inaelewa kwamba hiyo ni herufi ya jina na siyo mlango wa kutokea. Usiniamini kwa maneno. Nenda kwenye seli yoyote tupu ya MUHTASARI, andika alama ya = peke yake, kisha kwa kipanya bonyeza shiti ya Ng'apa, bonyeza seli F40, piga Enter. Sasa rudi uangalie fomula ambayo Excel imejiandikia yenyewe:

='Ng''apa'!F40

Umeona? Imeweka mbili. Basi na sisi tuiambie INDIRECT ifanye hivyo, kwa kutumia SUBSTITUTE, ambayo kazi yake ni kubadilisha herufi moja kwa nyingine:

=INDIRECT("'"&SUBSTITUTE(A2,"'","''")&"'!F40")

Isome taratibu, maana kwenye kioo alama hizi zinafanana kama mapacha. Ndani ya SUBSTITUTE, baada ya koma ya kwanza kuna ritifaa moja iliyozungukwa na alama za usemi. Baada ya koma ya pili kuna ritifaa mbili zilizozungukwa na alama za usemi. Maana yake: chukua jina lililoko A2, kila penye ritifaa moja weka mbili. Mchinga haina ritifaa, itapita kama ilivyo. Kwa hiyo fomula hii moja unaiandika B2 na kuiteremsha hadi B15 bila ubaguzi. Kama kompyuta yako inakataa koma ndani ya fomula, jaribu nukta-mkato. Hiyo inategemea mipangilio ya nchi iliyochaguliwa kwenye Windows.

Hiyo mbinu ya kubonyeza seli kwa kipanya na kusoma Excel imeandika nini, ishike vizuri. Ndiyo njia yangu ya kwanza kila INDIRECT inapogoma. Unatoa INDIRECT, unabakiza yale maandishi tu, mathalani kwenye C5:

="'"&SUBSTITUTE(A5,"'","''")&"'!F40"

Unalinganisha kilichotokea na kile Excel ilichojiandikia ulipobonyeza. Ukiziacha zile ritifaa za pembeni ambazo Excel hairembeshi nazo jina jepesi, viwili hivyo lazima vifanane herufi kwa herufi. Mahali vinapotofautiana ndipo penye ugonjwa.

Na kama bado Ng'apa inagoma baada ya haya, mshuku ritifaa yenyewe. Ile iliyonyooka (') na ile iliyopinda (’) ni herufi mbili tofauti kabisa kwa kompyuta, ingawa kwa jicho letu Ng'apa na Ng’apa ni kitu kimoja. Word hupenda kuzipindisha yenyewe, na simu nyingine pia. Kwa hiyo orodha ya vituo uliyotumiwa kwa WhatsApp au uliyoinakili kutoka kwenye barua inaweza kuwa na iliyopinda, wakati shiti uliipa jina kwa kibodi ya kompyuta, iliyonyooka. Futa jina kwenye A5, uliandike upya kwa mkono. Vivyo hivyo nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina, "Mingoyo " badala ya "Mingoyo". Hiyo imewatesa wengi. Kuzungushia A2 kwa TRIM inasaidia kama nafasi iko kwenye orodha, ila ikiwa iko kwenye jina la shiti lenyewe TRIM itazidisha tatizo, kwa hiyo safisha jina la shiti kwanza. Herufi kubwa na ndogo hazina neno: NG'APA na Ng'apa kwake ni shiti moja.

Kuna mtego mwingine wa majina ambao ulinipata mimi mwenyewe nilipokuwa natunza hesabu za korosho za ghala moja huku Mtwara. Shiti zangu nilizipa majina ya tarehe za minada: 12-10, 19-10, na kuendelea. Nilipoandika 12-10 kwenye kolamu A ya muhtasari, Excel kwa kujifanya mwerevu ikaigeuza kuwa tarehe. Kwenye kioo ilionekana tarehe, lakini ndani yake tarehe ni namba ya siku. Tarehe 12 Oktoba 2024, kwa mfano, ni 45577. INDIRECT ikawa inatafuta shiti inayoitwa 45577. Nilipoteza mchana mzima. Ukija kutumia majina ya namna hiyo, au namba za vituo kama 01 na 02 ambazo Excel inazinyofoa sifuri ya mbele, ifanye kolamu A iwe ya maandishi kabla hujaandika chochote.

Turudi Mchinga, kwenye kuhamahama kwa jumla. Suluhisho rahisi kuliko yote halihitaji fomula mpya: toa jumla chini, iweke juu. Sijui nani alitufundisha kwamba jumla lazima ikae mwisho wa ukurasa. Nadhani ni daftari za karatasi, ambako hujui orodha itaishia wapi mpaka iishe. Kwenye Excel orodha inakua kila siku, na kitu kilichokaa chini ya orodha inayokua kitasukumwa tu. Weka kichwa cha shiti mstari wa 1, jumla F2, majina ya kolamu mstari wa 4, wakulima waanzie wa 5. Kwenye F2 ya kila shiti andika =SUM(F5:F2000), uifute ile jumla ya zamani ya chini ili isihesabiwe mara mbili, na kwenye MUHTASARI ubadilishe F40 kuwa F2. Shiti 14 ni kazi ya nusu saa. Ingiza mistari mia chini huko, F2 haitatikisika. Itatikisika tu mtu akiingiza mstari juu kabisa, na hilo unaweza kulizuia kwa kuwaomba wenzako kwa lugha nzuri, au kwa kufunga shiti kwa nywila lugha nzuri isipotosha.

Njia ya pili ni ya kitaalamu zaidi: kuipa seli ya jumla jina. Ukiwa Mchinga, bonyeza seli ya jumla, nenda menyu ya Formulas, Name Manager, tengeneza jina JUMLA, na pale wanapokuuliza eneo lake usiache faili zima. Chagua shiti ya Mchinga peke yake. Fanya hivyo kila shiti. Mwisho wa fomula badala ya '!F40 unaandika '!JUMLA. Jina huifuata seli popote inapohamia, kwa hiyo yule bodaboda wa karatasi sasa ameandikiwa jina la mtu na siyo idadi ya nyumba. Nzuri sana, ila mara 14 ni kazi, na karani atakayekuja baada yako huenda asijue majina hayo yako wapi. Mimi kwa kazi yako ningechukua F2.

Sasa nikuonye kuhusu ushauri utakaopewa muda si mrefu, kama bado hujapewa. Mtu atakuambia ufunike fomula yote kwa IFERROR ili badala ya #REF! ije sifuri, muhtasari upendeze. Kataa. #REF! kwenye mstari wa Ng'apa ni aibu ndogo ya dakika tano. Sifuri kwenye mstari wa Ng'apa ni ufuta wa kituo kizima umetoka kwenye jumla kuu kimyakimya, na mkubwa anayesoma atadhani siku hiyo hawakupima. Kama lazima upambe, tumia kolamu ya pembeni inayouliza tu kama shiti ipo:

=ISREF(INDIRECT("'"&SUBSTITUTE(A2,"'","''")&"'!A1"))

Italeta TRUE ikiwa ipo, FALSE ikiwa haipo. Ukiona FALSE hata moja, usichapishe.

Halafu jiwekee mizani ya pili ya kupimia mizani. Chini ya kolamu B una SUM(B2:B15). Pembeni yake andika:

=SUM('Mchinga:Rutamba'!F2)

Hii haina INDIRECT ndani yake. Inajumlisha F2 ya shiti zote zilizopangwa kuanzia kichupo cha Mchinga hadi cha Rutamba, vyovyote zinavyoitwa. Haijali ritifaa ya Ng'apa wala nafasi ya Mnazi Mmoja, inajali mpangilio wa vichupo tu. Hakikisha MUHTASARI iko nje ya hao wawili, kama ilivyo sasa hapo mwisho, na mtu asiburute shiti ya kituo kuipeleka nje. Namba hizo mbili zikilingana, umelala vizuri. Zisipolingana, kuna kituo kimesahaulika, au kimeandikwa mara mbili kwenye orodha, au shiti mpya imeongezwa bila wewe kujua. Google Sheets haina fomula ya namna hii, kwa hiyo kama faili mnalitumia huko usijisumbue. Na LibreOffice kwa kawaida inatumia nukta mahali pa alama ya mshangao, Mchinga.F2, faili likihamia huko ndilo jambo la kwanza la kuangalia.

Hujauliza, lakini najua litakuja: vituo vikianza kukuletea kila kimoja faili lake, INDIRECT haitakufaa. Inasoma faili jingine pale tu faili hilo likiwa limefunguliwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Ukilifunga, #REF! inarudi, na hakuna ritifaa itakayokuokoa. Hapo utahitaji Power Query, zana ya kuvuta data kutoka mafaili mengine, iliyomo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, na hiyo ni somo la siku nyingine. Vilevile INDIRECT hujikokotoa upya kila unapobadilisha kitu popote kwenye faili. Kwa fomula 14 hutahisi. Ukizifanya elfu mbili, kila ukipiga Enter utapata muda wa kunywa chai.

Baada ya kukueleza yote hayo, nikuambie ninachofikiri kwa kweli. Nadhani shiti 14 ndizo zilizokuletea shida. Kama ningeanza upya mimi, ningekuwa na shiti moja ndefu, niiite MIZANI: tarehe kolamu A, kituo B, namba ya mkulima C, jina D, magunia E, kilo F. Kila anayepima anaongeza mstari chini. Basi. Muhtasari unakuwa:

=SUMIFS(MIZANI!F:F,MIZANI!B:B,A2)

Hakuna INDIRECT, hakuna shiti za kufunguliwa, na Ng'apa inageuka kuwa neno la kawaida, ritifaa yake haimsumbui mtu ilimradi imeandikwa namna moja pande zote. Kituo cha 15 kikifunguliwa unaongeza jina moja kwenye orodha. Mkubwa akitaka kilo za Mingoyo za wiki ya pili peke yake, unachuja. Kuhusu nafasi usiwe na hofu, shiti moja ina mistari 1,048,576. Utazeeka kabla hujaimaliza.

Najua utakachoniambia: kila kituo kinataka karatasi yake ya kusaini. Ni kweli, na ndiyo sababu nzuri pekee niliyowahi kusikia ya kugawa shiti. Lakini ukichuja kituo kimoja na kuchapisha, karatasi inatoka ileile. Pia kuna hali moja ambayo INDIRECT inashinda: kama vituo vinakutumia shiti nzima kila wiki nawe unafuta ya zamani na kuweka mpya yenye jina lilelile. Fomula ya kawaida ikifutiwa shiti yake inavunjika moja kwa moja, hata shiti mpya ikija haiponi. INDIRECT inaleta #REF! kwa dakika hizo chache, kisha inaona jina limerudi na kuendelea na kazi. Karatasi yake bado inasema "nyumba ya tatu", na nyumba ya tatu ipo.

Hata hivyo usihamishe chochote katikati ya msimu. Minada inaendelea, wakulima wanasubiri malipo, na hakuna wakati mbaya wa kujifunza kama huo. Tengeneza ritifaa, peleka jumla juu, weka zile namba mbili za kulinganisha, malizia msimu. Shiti moja iwe ya mwakani.

Kabla hujarekebisha, hifadhi nakala ya faili lilivyo sasa, na jina lake liwe na tarehe ya leo. Kisha pitia taarifa zote ulizokwisha kutoa tangu siku ulipoingiza ile mistari, na pia jiulize kama kuna kituo kingine ulichowahi kukiongezea au kukipunguzia mistari. Linganisha kila shiti na vitabu vya mizani na stakabadhi za ghala. Zikilingana, waandikie waliopokea taarifa kwamba namba ya Mchinga ilisomwa kutoka seli isiyo yake, na uwape iliyo sahihi. Lakini kama hazilingani hata baada ya fomula kukaa sawa, au kama kuna malipo yaliyokwisha kufanyika kwa kufuata muhtasari ule mbovu, hapo acha kunisoma mimi. Kaa chini na mhasibu wenu, na ikibidi afisa ushirika wa halmashauri, mkiwa na vitabu vya karatasi mezani, wala usibadilishe hata seli moja mpaka wameona. Na faili hilo usimtumie mtu asiye na kazi nalo, hata fundi mwenye nia njema. Humo mna majina ya wakulima na pengine namba zao za simu na akaunti. Fundi mwite ofisini aje akae pembeni yako.

Limebaki moja, na ndilo la kurekebisha kwanza leo jioni, ukishamwonyesha mkubwa wako na kuhifadhi nakala. Ulisema Ng'apa uliiandika kwa mkono. Kwa hiyo B5 haina fomula, ina namba ya siku ile, na kila siku tangu hapo Ng'apa wamepima na muhtasari haujaongezeka hata kilo moja. Mchinga mliiona kwa sababu ilishuka. Hii haikushuka, kwa hiyo hakuna aliyeiangalia. Bonyeza B5, futa, teremsha fomula mpya kutoka B4, kisha uhesabu tofauti ni kilo ngapi.